Mtumba mwilini sawa, sebuleni aibu?

Hapa Nyakato, Mwanza, mtu huvaa suruali ya mtumba kazini, koti la mtumba harusini na gauni la mtumba kanisani, wala hafichi. Ukilisifu koti atakutajia na siku belo lilipofunguliwa sokoni Mlango Mmoja. Lakini nimwambie mtu huyohuyo kwamba pazia la sebule yake nimelishona kwa mashuka mawili ya mtumba, uone anavyoshusha sauti: "Fundi, hilo libaki hapahapa." Sebuleni ndiko wanakoketi wakwe na wageni wa posa, na huko mtumba haujapata kibali cha kuingia.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na sare za shule na vitenge, ila kinachonilisha sasa ni mapazia, mito ya makochi, foronya na mazulia ya mlangoni, karibu vyote kwa vitambaa vya mtumba. Siri za wateja wangu hazinisumbui. Kinachonisumbua ni bei, maana aibu ile hulipwa kutoka mfukoni mwangu.

Pazia la dukani, polista inayong'aa, limekuja kwenye kontena likiwa limeshashonwa. Mteja analipa lililotajwa. Akibembeleza sana anapunguziwa elfu mbili. La kwangu ni pamba nzito, lina bitana, limekatwa kwa kipimo cha dirisha lake mwenyewe. Analishika, analigeuza, kisha: "Lakini si mashuka ya mtumba tu, fundi?" Hapo kupima, kufumua, kulinganisha maua na kupiga pindo vimeshafutwa kwenye hesabu. Imebaki bei ya shuka.

Wengi wanadhani kazi hii ni kukata na kuunga. Huanzia kwenye kuchagua. Belo likifunguliwa wauza nguo wanagombania magauni na jinzi, mimi nasubiri mashuka, vitambaa vya meza, na yale mapazia marefu mno au yenye doa pembeni ambayo hakuna anayeyataka. Zaidi ya vyote napenda mfuko wa duveti. Una pande mbili, kwa hiyo kwa bei ya kitambaa kimoja umepata pazia na bitana yake, tena ile ya vitanda vya watu wawili ina upana wa mita 2 au zaidi. Dirisha la mita moja na nusu linataka mita tatu hivi za kitambaa ili pazia lifanye mikunjo. Ukibania hapo, hata hariri itaonekana ya kuazima.

Halafu kiberiti. Ninavuta uzi mmoja kwenye upindo na kuuchoma. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka, huacha kitone kigumu. Sina chuki na polista. Dirisha linalopigwa na jua la jioni huila pamba upesi, na vumbi la Barabara ya Musoma hukung'utika kwenye polista bila taabu. Lakini foronya ya mtoto nitaishona kwa pamba, na nitamwambia mama yake kwa nini. Na kabla ya mkasi, kila kitu kinachemshwa na kuanikwa juani.

Kwenye sweta ndiko watu wanakoliwa pesa. Akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi hununua masweta ya mtumba wayafumue wapate nyuzi. Geuza sweta, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona ovaloki, ujue lilikatwa kwenye kitambaa kilichokwisha fumwa, na uzi utakutoka vipande vya shibiri. Lakini likiwa limefumwa kwa umbo lake, uzi unatiririka mrefu na kipande kizima kinaisha mkononi mwako. Vile vya shibiri navyo havitupwi. Vinachomekwa kwenye mfuko wa salfeti, tundu kwa tundu, pamoja na fulana zilizokatwa utepe, mpaka salfeti yenyewe haionekani. Zulia moja la namna hiyo hula jioni nyingi za macho na vidole, na ndilo mteja analoliita la matambara pale anapotaka nimwongezee bure.

Ajabu ni kwamba Mwanza haikuanza jana kugeuza kilichochakaa. Pale mjini Makoroboi, mafundi walijulikana kwa kutengeneza vibatari kutokana na makopo na mabati chakavu. Mnunuzi aliuziwa taa, akalipia taa. Sijasikia aliyemwambia fundi ampunguzie kwa sababu kopo liliokotwa. Huku Igombe na Kayenze nyavu kuukuu huzungushiwa mchicha na vifaranga, wala hakuna anayeona haya.

Wapo watakaoniambia kwamba mitumba yenyewe ndiyo tatizo, na hoja yao naijua: inaua viwanda vyetu vya nguo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipanga kuachana nayo ifikapo 2019. Ushuru ulipanda, Marekani ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa zetu bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, na Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Tanzania haikupiga marufuku. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba, nauelewa uchungu huo. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii hulimwa kanda hii, nyingi huondoka bila kusokotwa, na sitashangaa kama baadhi ya mashuka ninayoyafumua yalianzia Magu au Maswa. Siku viwanda vyetu vya nguo vikirudi kwenye nguvu, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Kwa sasa belo linashuka kila wiki, na kisichovaliwa wala kushonwa upya safari yake ni dampo la Buhongwa.

Ng'ambo ya ziwa wameshatutangulia. Mbunifu Bobby Kolade wa Kampala, kupitia lebo yake ya Buzigahill, tangu 2022 ananunua mitumba, anaifumua, anaishona upya, kisha anawauzia watu wa nchi zilezile ilikotoka, kwa bei ya mbunifu. Kwamba ni mtumba hakufichwi. Ndicho kivutio chenyewe. Mbali zaidi, huko Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zilikuwa za baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Viraka ni vilevile vilivyokuwa kitandani.

Sihitaji makumbusho. Ningefurahi kama kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo, kando ya sabuni, asali na batiki, pangekuwa na meza yenye pazia lililotundikwa likiwa na mikunjo yake, na kibao kilichoandikwa bila woga: mtumba ulioshonwa upya. SIDO wapo hapahapa Nyakato, na tangu 1973 kazi yao ni kulea wenye viwanda vidogo. Mafundi wa kukaa kwenye meza hiyo wapo wengi. Wengine nimewafundisha mwenyewe.

Kwenye kibanda changu nimeanza na risiti. Ninaandika mistari miwili: kitambaa, shilingi 8,000, ushonaji, shilingi 25,000. Wengi huguna wakifika mstari wa pili. Juzi mama mmoja aliusoma, akaguna, akauliza: akileta mashuka yake, mstari wa kwanza unafutwa? Nikamwambia unafutwa. Alirudi na mashuka manne mazuri kuliko yangu, yote ya pamba, hayana doa, akalipa ushonaji wote bila kushusha hata mia. Nikamuuliza anayachagulia wapi. Sasa ananichagulia na mimi, namlipa kwa kila shuka, na kwenye risiti za mwezi huu kuna mstari wa tatu.