"Hatuondoki" Nayo Ni Amri

Msomaji wetu wa Arua au Koboko aweza kuuliza: Bahari ya Hindi iko mbali, safari ya jahazi yatuhusu nini sisi askari? Jibu letu ni kwamba yatuhusu sana. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamepelekwa Mogadishu, mji ulio ukingoni mwa bahari hiyo. Na hapa kwetu, Ziwa Albert na Mto Nile huvukwa kila siku kwa vyombo vidogo. Yawe maji ya chumvi au maji baridi, sheria ya kuondoka ni moja.

Mabaharia wa Pwani na wa Oman waliijua sheria hiyo kwa karne nyingi. Majahazi yalikuja Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, zivumazo tangu Desemba hata Machi, yakarejea kwa kusi. Wakati wa kungoja pepo ulikuwa wakati wa kazi. Chombo kilipwelezwa, mbao zikakaguliwa, nyufa zikatiwa kalafati ya pamba, na chini kukapakwa deheni. Matanga yalishonwa. Maji ya kunywa yalipimwa kwa idadi ya watu na ya siku, kisha ziada ikaongezwa. Hapo ndipo nahodha alipotoa amri ya kung'oa nanga.

Mfano mmoja ni jahazi Sohar, lililojengwa Oman kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Liliondoka Muscat Novemba 1980, likiongozwa na Tim Severin, kwenda China. Lilipitia Sri Lanka. Baadaye foromali ilivunjika, upepo ukakatika, na mabaharia wakakinga maji ya mvua ili wanywe. Hata hivyo walifika Canton Julai 1981. Hawakuokolewa na ushujaa peke yake, bali na matayarisho na subira.

Sasa tutazame maji yetu. Tarehe 22 Machi 2014, chombo kilichojaa kupita kiasi kilipinduka katika Ziwa Albert, na wakimbizi zaidi ya 100 waliokuwa wakirudi kwao Kongo wakafa. Siku ya Krismasi ya mwaka 2016, katika ziwa hilo hilo, walikufa wachezaji wa mpira na washabiki wao wapatao 30. Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wazee. Lakini vyombo hivyo vingeweza kuzuiliwa vikiwa bado ufukweni.

Lori likiharibika kati ya Arua na Koboko, askari hushuka wakatembea kwa miguu. Katikati ya maji hakuna pa kushukia. Kwa hiyo kosa la safari ya majini hurekebishwa mahali pamoja tu, nako ni mwaloni, kabla ya kuondoka.

Askari au polisi aliye zamu Panyimur, Pakwach, Rhino Camp au Obongi na ajiulize maswali machache. Watu ni wangapi? Mizigo ni kiasi gani? Maboya ya kuokolea yapo ya kutosha? Mwenye kushika usukani yu timamu? Mawingu yasemaje? Jibu moja likiwa baya, chombo kisiondoke, hata kama abiria wamekwisha lipa nauli, na hata kama miongoni mwao yumo mkubwa mwenye haraka.

Twajua kwamba askari huzoezwa kwenda, wala si kukaa, na kwamba anayesema "hatuondoki" hudhaniwa mwoga. Kwa hiyo twawaomba makamanda wasimwadhibu kijana aliyechelewesha chombo kwa sababu njema. Wamsimamie mbele ya watu. Asiposimamiwa leo, kesho atanyamaza, na kunyamaza kwake kutawaua wananchi tulioapa kuwalinda.