Tufungue madaftari pamoja kabla bili hazijafika

Ndugu zangu, akina mama na akina baba, vijana wa vyuo, majirani wote mnaozungumza Kiswahili hapa komini ya Woluwe-Saint-Lambert nchini Ubelgiji, kuanzia Tomberg na Roodebeek hadi Kapelleveld: tangu Jumatatu ya tarehe 2 Novemba 2020 tumefungiwa tena kwa sababu ya korona. Mikahawa ilikwishafungwa tarehe 19 Oktoba, sasa maduka yasiyo ya lazima yamefuata, na ikifika saa nne usiku kila mtu anatakiwa awe kwake. Mwezi Machi wengi tulijipa moyo kwamba ni majuma machache tu, tukala akiba huku tukingoja mambo yatengemae. Safari hii akiba za wengi zimekwisha, na baridi ndiyo kwanza inaanza.

Ninachowaomba ni kimoja. Hesabu ya nyumba isibaki siri ya kila mlango. Tujipange kaya nne nne, watu wanaojuana na kuaminiana, tuwekeane wazi kinachoingia na kinachotoka, tununue chakula pamoja, na tuanze mfuko mdogo wa kulipia bili zitakazotufikia mwakani. Kubana matumizi kila mtu anajua. Tunachokosa ni kubana tukiwa tumeshikana mikono.

Nianze na bili, kwa sababu ndizo zitakazotuumiza bila kupiga hodi. Gesi na umeme hapa tunalipia kwa makadirio: kila mwezi kampuni inakata kiasi kile kile, kilichopigiwa hesabu kwa matumizi ya mwaka uliopita. Mwaka uliopita mchana nyumba ilikuwa tupu. Watoto shuleni, baba kazini, mama kazini, hita imezimwa. Mwaka huu tumeshinda ndani tangu Machi, jiko linawaka mara tatu kwa siku, kompyuta haizimwi, na sasa hita inaunguruma kuanzia asubuhi hadi usiku. Malipo ya kila mwezi hayajabadilika, ndiyo maana tunadhani tuko salama. Kisha mita itasomwa, ije bili ya mwaka yenye tofauti yote kwa mkupuo mmoja. Kwa nyumba iliyokwisha kuyumba, karatasi hiyo moja inatosha kuifungulia mlango wa madeni.

Kwa hiyo, kila mmoja aitafute bili yake ya mwisho ya mwaka. Aangalie mwezi ambao mita husomwa, kisha aende kwenye mita yenyewe, aandike namba zinazoonekana leo na kuzilinganisha na zile za bili. Akiona amezidi, aipigie simu kampuni na kuomba kiasi cha kila mwezi kipandishwe kuanzia sasa. Najua ni vigumu kuomba uongezewe malipo wakati mfuko umetoboka, lakini euro 20 za ziada kila mwezi zinalipika kuliko 240 kwa siku moja. Mwenye mita ya bei mbili afue nguo baada ya saa nne usiku au mwishoni mwa wiki, wakati umeme ni nafuu. Na hita ishushwe nyuzijoto moja: wataalamu wa nishati hapa hukadiria kwamba hiyo peke yake huokoa kama asilimia 6 au 7 ya gharama ya kupasha joto. Sweta lipo, blanketi lipo.

Bili ya pili iliyojificha ni ya kodi ya mapato. Wengi wetu tunafanya kazi za usafi majumbani kwa mfumo wa vocha za titres-services, wengine jikoni mwa hoteli, wengine uwanja wa ndege wa Zaventem. Kazi hizo ziliposimama tukaingizwa kwenye malipo ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ya kukosa kazi kwa muda, ambayo mwaka huu wa 2020 ni asilimia 70 ya mshahara, ambao nao umewekewa kikomo, pamoja na nyongeza ya euro 5.63 kwa siku. Tuseme mtu alikuwa na mshahara wa euro 2,000 kabla ya makato. Sasa anapata kama 1,300 mkononi. Akilipa kodi ya nyumba ya 950, amebakiwa na 350 za kula, kulipa simu, gesi, umeme na kuvisha watoto. Hiyo hesabu kila mmoja ameshaionja. Lakini kuna jambo ambalo wachache wameambiwa waziwazi: tangu Mei mwaka huu wa 2020 serikali inakata kodi ya asilimia 15 tu kwenye malipo hayo, badala ya 26.75 ya awali. Ni nafuu ya leo. Hesabu kamili ya kodi itafanywa mwakani, na ambaye kiwango chake kinazidi hiyo 15 huenda akadaiwa tofauti. Kila mwezi unaolipwa na ONEM, tenga kitu, hata kama ni euro 30, na usikiguse.

Mtu akiyajua haya peke yake, atayasahau. Wakiyajua wanne, mmoja atawakumbusha wenzake. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza vikundi.

Na utaratibu wenyewe si mgeni kwetu. Waliotoka Bukavu na Goma wana likelemba, waliotoka Dar es Salaam wana upatu na vikoba, waliotoka Nairobi na Mombasa wana chama. Fedha za zamu tumezichezea miaka yote, hata hapa ugenini. Tofauti ninayoiomba ni kwamba safari hii fedha zisiende kwa zamu kununua kochi au tiketi ya ndege. Kaya nne, kila moja iweke euro 25 kwa mwezi, ni 400 kufikia mwisho wa Februari. Anayefikiwa kwanza na bili ya mwaka anaazimwa, analipa polepole bila riba, kisha anafuata mwingine. Fedha zishikwe na mmoja, daftari lishikwe na mwingine, na wote wanne waone salio kila mwisho wa mwezi. Mkikosa utaratibu huo, urafiki utavunjika, na kuuunga itakuwa kazi ngumu.

Kwenye chakula, amri yenyewe ya Novemba hii ya 2020 inatusukuma kushirikiana. Dukani unaingia peke yako, kwa dakika 30. Kwa nini basi watu wanne wapange foleni nne? Mmoja aende kwa niaba ya wote wiki hii, mwingine wiki ijayo. Mchele wa gunia, maharage, unga na mafuta vinunuliwe mtaa wa Matonge kwa mkupuo mmoja, mgawane kwa mizani. Mboga na nyama tafuteni soko la Abattoir kule Anderlecht, mchana soko linapokaribia kufungwa, wachuuzi wanapopunguza bei. Na tusione haya kula cha hapa. Mwezi Aprili Ubelgiji ililemewa na viazi tani 750,000 vilivyokosa wanunuzi kwa sababu migahawa ilikuwa imefungwa, hata wafanyabiashara wa viazi wakawaomba wananchi wale chipsi mara mbili kwa wiki. Viazi, karoti, kabichi na vitunguu vya shamba la hapa ni rahisi mwaka mzima. Kabichi iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, ikatiwa pilipili kidogo, ukaila na ugali, haina unyonge wowote. Sombe na samaki wakavu waliopandishwa ndege vibaki kuwa chakula cha Jumapili.

Sasa nyumbani kule Afrika. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, maana jambo hili linagusa moyo. Kule nako wana shida. Uvira ilipigwa na mafuriko Aprili, Gatumba nako Burundi watu walihamishwa na maji, na Kongo shule zilifungwa mwezi Machi. Simu zinaita. Anayeitwa ni yule yule ambaye mshahara wake umepungua, na kwa kuwa anaishi Ulaya anaona aibu kusema hana. Anakopa ili atume. Wengine wanatuma euro 40 leo, 30 keshokutwa, 50 wiki ijayo, na kila mara wanakatwa ada. Wastani wa gharama za kutuma fedha Afrika kusini mwa Sahara mwaka huu wa 2020 ni karibu asilimia 9, na kiasi kidogo ndicho kinacholiwa zaidi. Tutume mara moja kwa mwezi, kiasi kinachojulikana. Na tuwaambie wazazi na wadogo zetu ukweli: kazi imesimama, nitatuma kiasi hiki, kisizidi, hadi mambo yatakapofunguka. Mama aliyekulea hatakuchukia kwa sababu hiyo. Atakuombea.

Ninyi mliobaki na mshahara kamili, wauguzi na wahudumu wa hospitali ya Saint-Luc, wa maofisi ya Umoja wa Ulaya, madereva wa usafiri wa umma wa STIB, msione kwamba wito huu hauwahusu. Harusi zimeahirishwa, safari za Desemba zimefutwa, sare za sherehe hazijashonwa mwaka huu. Fedha hizo zipo mahali fulani. Kila kikundi cha kaya nne kiwe na angalau kaya moja ambayo mapato yake hayajatikisika, ili mfuko usiwe wa wahitaji watupu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vinne vilivyojeruhiwa navyo havitafika mbali.

Akina baba, neno kwenu. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayebana matumizi, huku hati ya mshahara ya baba hajawahi kuiona. Bajeti ya namna hiyo ni ya kubahatisha. Iweke mezani. Watoto wakubwa nao wakae, wajue kwa nini mwezi huu hakuna simu mpya.

Na wale ambao hata baada ya hayo yote hawajitoshelezi, waende CPAS, yaani kituo cha ustawi wa jamii cha komini yetu. Sheria ya tarehe 8 Julai 1976 ilianzisha vituo hivyo ili kila mtu aweze kuishi maisha yenye utu. Haisemi ni kwa Wabelgiji wa kuzaliwa tu. Ukipeleka ombi, dai risiti ya kupokelewa, kwani jibu linatakiwa litolewe ndani ya siku 30. Wapo pia washauri wa madeni, na ni bora uwaendee kabla ya barua ya tatu ya mdai. Mwenye kibali cha kuishi kilichotokana na kuunganishwa na familia aulize kwanza kwa mwanasheria au mshauri wa kijamii, maana msaada wa CPAS unaweza kugusa kibali hicho. Malipo ya ONEM ni jambo jingine: ni haki ya mfanyakazi aliyechangia. Kwa wasio na karatasi, CPAS inagharimia matibabu ya lazima tu. Hao ndio wa kwanza kuingizwa katika vikundi vyetu, kwa sababu hawana pengine pa kukimbilia.

Tunaoishi karibu na Kapelleveld tunazipita kila siku zile nyumba nyeupe zenye bustani. Zilijengwa kati ya 1922 na 1926 kwa njia ya ushirika, baada ya vita vilivyoacha nchi ikiwa na uhaba mkubwa wa makazi. Waliozianzisha walikubaliana kushirikiana. Mfuko wa euro 400 ni mdogo sana ukilinganisha na nyumba, lakini kukubaliana ni kule kule.

Kabla Jumapili haijafika, chagua watu watatu na uwapigie simu. Muulize kila mmoja mita yake husomwa mwezi gani. Andika majibu kwenye ukurasa mmoja, anza na wako. Aliye karibu zaidi na tarehe yake ndiye mfuko utakayemhudumia kwanza, na mchango wa kwanza ukusanywe siku mishahara na malipo ya ONEM ya Novemba yatakapoingia.