Na Ziwa Letu Je?

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeisifu mno riwaya moja ya mabaharia kwa mapanga na dhoruba zake. Mimi naona utamu wa hadithi za namna hii uko kwenye madeni. Soma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain, anafika Zanzibar na upepo wa kaskazi na udi wake mzuri. Anapoondoka, deni lililowekewa nyumba rehani linabaki mikononi mwa mwenyeji mmoja, Saleh Omar. Hakuna aliyechomoa upanga, lakini familia mbili zinasambaratika kwa sababu ya hati moja. Hapo ndipo mali ya ukoo inapouma!

Sasa njoo huku kwetu Macalder, Migori, ambako hadithi kama hizo zimejaa. Tuna dhahabu, tuna mgodi wa shaba uliofungwa miaka ya 1960, na Ziwa Victoria haliko mbali. Mwaka 1914 meli ya Waingereza, Winifred, ilikabiliana na Muansa ya Wajerumani humo ziwani, hapo Karungu. Nani ameliandikia ziwa letu riwaya? Nenda ufukwe wa Sori asubuhi: fundi anashindilia pamba kwenye nyufa za boti, na pembeni ndugu wawili wa baba mmoja wanagombana nani alilipia injini. Sura ya kwanza hiyo, bure kabisa.

Waandishi wa Migori na Homa Bay, tuandikieni. Na iwe kwa Kiswahili, tafadhali, wavuvi nao wasome.