Nani Atajifunza Tiba ya Sanaa?

Huko Uingereza ipo kazi ya uganga ambayo wengi hawajapata kuisikia, nayo ni tiba ya sanaa. Mtu aliyelemewa na huzuni, hofu au mshtuko, ambaye maneno yamemkwama kooni, hupewa rangi, karatasi na udongo wa mfinyanzi, akaumba yaliyomo moyoni mwake mbele ya mtaalamu aliyefunzwa kukaa naye. Huenda ndugu msomaji akauliza gazeti la wafanyakazi lina haja gani na jambo hili. Haja tunayo: twataka kujua ni nani awezaye kujifunza kazi hiyo, na kwa fedha ya nani.

Kazi yenyewe haikuzaliwa katika majumba ya wakubwa. Mwaka 1938 mchoraji Adrian Hill aliugua kifua kikuu, akalazwa katika hospitali ya Midhurst. Alichora akiwa kitandani ili asishindwe na upweke. Alipoona inamrudishia nguvu, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Ndiye aliyeipa kazi hii jina lake mwaka 1942. Mwaka 1946 Edward Adamson aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, jimbo la Surrey. Wakati ule wengi waliofungiwa mahali kama hapo walikuwa wamesahauliwa na dunia. Adamson aliwapa chumba cha kuchorea, akakaa nao, wala hakujifanya hodari wa kuwafasiria picha zao. Kwa hilo la mwisho twamsifu kuliko yote, maana mnyonge amezoea kusemewa.

Mwaka 1964 wataalamu hawa waliunda chama chao, na mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya kudai, Serikali ikakubali kazi yao iandikishwe rasmi. Leo asiyeandikishwa akijiita mtaalamu wa tiba ya sanaa avunja sheria, naye aweza kutozwa faini. Sheria hiyo ni njema. Mgonjwa wa akili hana nguvu ya kumpima laghai.

Lakini sheria hiyo hiyo imeweka kizingiti. Hapana aandikishwaye bila shahada ya uzamili katika tiba hii, ambayo huchukua kama miaka miwili kwa asomaye mchana kutwa, na mitatu au zaidi kwa asomaye huku akifanya kazi. Anayeomba nafasi kwa kawaida awe tayari na shahada ya kwanza, mara nyingi ya sanaa. Alete michoro yake ionekane. Na aonyeshe kwamba amekwisha kufanya kazi na watu wenye shida. Akiingia, husoma mambo ya nafsi ya binadamu, hupelekwa hospitalini, shuleni au gerezani kuwahudumia watu chini ya uangalizi, na haachi kuchora mwenyewe. Zaidi ya hayo, yeye naye sharti aende kwa mtibabu, akakae katika kiti cha mgonjwa kwa muda wa masomo yake. Hatuoni ubaya katika sharti hili. Asiyejua uzito wa kufungua moyo mbele ya mgeni, atamfunguaje mwenziwe? Ubaya ni kwamba gharama ya tiba hiyo mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwanafunzi, juu ya ada ya chuo, juu ya kodi ya nyumba, na juu ya siku nyingi za mazoezi ya kazi asizolipwa mshahara.

Tangu mwaka 2016 wanafunzi wa uzamili katika England waweza kukopa kwa Serikali. Mkopo ni deni. Mwana wa tajiri haulizi deni. Mwuguzi msaidizi aliyewalisha wagonjwa miaka kumi, na ambaye huenda ndiye angefaa kuliko wote, huuliza.

Njia ya haki ilikuwapo, nayo ni uanagenzi. Tangu 2017 waajiri ambao mishahara yao yapita pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia kwa ajili ya mafunzo, na tiba ya sanaa ilitiwa katika kazi ziwezazo kufunzwa hivyo: mtu hujifunza huku akipokea mshahara. Lakini tangu Januari 2026 Serikali imeondoa fungu hilo katika ngazi ya uzamili kwa wanaoanza wakiwa na umri wa miaka 22 au zaidi, isipokuwa wachache. Sasa tuhesabu. Ni nani aliye na shahada ya kwanza, na miaka ya kuhudumia wenye shida, kabla hajatimiza miaka 22? Walioandika amri hiyo walisema wataka kuwasaidia vijana. Kwa kazi hii hawakumsaidia kijana wala mzee.

Twasema basi kwamba kazi ya tiba ya sanaa ipewe ruhusa ya wazi, na umri usiwe kikwazo. Tena mazoezi ya hospitalini yalipwe, kwa kuwa ni kazi, na mgonjwa anayehudumiwa ni mgonjwa kweli. Na pale sheria inapomlazimisha mwanafunzi kwenda kwa mtibabu, hati ya malipo ipelekwe kwa aliyeiweka sheria.