Kijiko Kipi?

Muuzaji wa duka moja la dawa hapa Usa River alimpa binti yangu chupa ya amoksilini ya unga, akamwambia, "Mama, changanya na maji, umpe mtoto kijiko kimoja mara tatu." Kijiko kipi? Hakuulizwa, naye hakusema.

Ndugu msomaji, nilichukua bomba la sindano, bila sindano yenyewe, nikapima vijiko vya chai vya nyumbani kwangu. Kimoja kilijaa kwa mililita 3, kingine kwa 7. Chupa ile iliandikwa miligramu 125 katika kila mililita 5. Maana yake mjukuu wangu angemeza 75 asubuhi na 175 jioni, kutegemea kijiko kilichokwisha kuoshwa! Na bado kuna maji ya kuchanganyia: povu likifika mstarini mtu hudhani chupa imejaa, kumbe povu likitulia maji yako chini ya mstari na dawa imekuwa kali.

Wapo wanaosema wazazi hawana elimu. Nakataa. Mimi nilifundisha walimu watarajiwa habari za mililita kwa chaki, mezani hapana chombo hata kimoja. Walifaulu mtihani bila kuiona mililita. Lawama hiyo naibeba. Lakini muuza dawa ana bomba la mililita 5 rafuni, bei yake haifikii soda. Kwa nini asilitoe pamoja na chupa, akaonyesha kwa kidole dawa ikomee wapi?

Binti yangu sasa analo lake. Amelifunga kwa uzi shingoni mwa chupa.