Nani Kaondoka?

Najua nimepotea, testi zilinikamata pabaya. Leo sina stori za bumu wala foleni ya mgahawani. Nataka tuongelee tamthilia, maana imetugombanisha chumba kizima.

Ni Scenes from a Marriage, ile ya HBO ya mwaka 2021, sehemu tano, Jessica Chastain na Oscar Isaac. Asili yake ni Sweden, Ingmar Bergman aliitoa kwenye televisheni ya kwao mwaka 1973, sehemu sita. Nimeziona zote mbili kwa flashi ya kuazima. Hiyo ya zamani unasoma maandishi chini mpaka macho yanauma, ila inalipa.

Kwa Bergman, mume, Johan, ndiye anayerudi usiku na kumwambia mkewe Marianne kwamba ana mwanamke mwingine na kesho anaondoka. Mke anamsaidia mpaka kupanga nguo kwenye begi, jamani! Hagai Levi alipoirudia akageuza kibao. Mke, Mira, ndiye mwenye kazi kubwa na mshahara mnono, ndiye anayempata mwingine, na ndiye anayeondoka. Mume, Jonathan, mwalimu wa falsafa chuo kikuu, anabaki na binti yao Ava.

Basi bwana, tulikuwa wanne kitanda kimoja. Mira alipotamka tu, chumba kikalipuka. "Mwanamke gani anaacha mtoto?" "Hela ndo zimempa kiburi!" Na mimi nilisonya, sikatai. Wiki iliyofuata nikawawekea ya Bergman. Johan akasema yale yale. Mmoja akajibu, "wanaume ndo walivyo," akaendelea kusuka. Mwingine akasema Marianne kapoa mno, angekimbiwaje? Yaani kosa lile lile, na mara zote mbili kesi imemwangukia mwanamke.

Wapo wanaosema Levi kageuza ili aende na wakati tu. Mimi nasema bila hilo, hakukuwa na haja ya kuirudia. (Vile vipande vya mwanzo vinavyoonyesha waigizaji na mafundi wenye barakoa sikuvielewa, angeviacha.) Tatizo letu ni kwamba tunasubiri begi lifungwe ndo tushtuke. Rudi sehemu ya kwanza, wanandoa wanahojiwa. Johan anajisifu weee, Marianne akiulizwa anasema ameolewa na Johan na ana mabinti wawili, basi. Kwa Levi, Jonathan anaongea kwa niaba ya watu wawili, Mira mwili tu ndo uko pale. Hakuna aliyeondoka bado, lakini ndoa iko wapi hapo?

Watu husema ile ya 1973 ilivunja ndoa za Sweden. Kweli talaka zilipanda sana 1974, ila mwaka huo huo ilianza sheria mpya iliyoacha habari ya kutafuta mwenye kosa. Nadhani wengi walishachoka zamani, walikuwa wanangoja mlango.

Kitu kingine, watoto. Ava tunamwona kidogo, na mabinti wa Johan ndo kabisa, wakipigwa picha mwanzoni wametoweka. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Mama yangu aliondoka nyumbani nikiwa kidato cha pili. Begi moja na cherehani. Mashangazi wakaja, kikao kikakaa, swali likawa moja, nani kaondoka? Mama. Kesi ikaisha. Mimi sikuulizwa, na ningeulizwa ningesema kwamba miezi mingi kabla ya hapo walikuwa hawaongei. Meza moja, sahani zinagusana, baba ananigeukia, "Mwambie mama yako chai haina sukari." Nasema. Mama ananigeukia, "Mwambie baba yako sukari imeisha tangu juzi." Nasema. Kumbe nilijua kila kitu, na bado nikamwona mama ndo mkosaji. Likizo mbili nilikataa kwenda kwake.

Jumapili nilimpigia. Akauliza nimekula nini, nikamuuliza cherehani bado inafanya kazi? Akacheka, akasema inashona ila mkanda umelegea. Nilitaka kumuuliza ni siku gani hasa aliamua. Vocha ikaisha kabla sijafika huko.

Haya, naishia hapa, andalio la somo la kesho bado jeupe. Flashi iko kwangu, mwenye kuitaka aje kabla mwenyewe hajaidai.