Israfu Imeingia Msikitini

Ndugu msomaji, ingia msikiti wowote wa mwambao wakati wa magharibi utazame mahali pa kutawadhia. Mtu hufungua bomba, akakunja mikono ya kanzu, akaitikia salamu ya rafiki, akauliza hali ya mgonjwa, na muda wote huo maji yanakwenda zake mferejini. Amalizapo udhu mmoja amemwaga maji ambayo babu yake angalitawadhia sala zote tano.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Misikiti ya kale ya Lamu na visiwa jirani ilikuwa na birika, na mtu aliteka kwa kata. Kila aliyeteka aliona kwa macho yake maji yakipungua. Ndani ya birika walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wazee hao hawakuhudhuria semina ya mazingira hata moja. Waliijua amana, basi.

Waama, maji ya Lamu hayatoki mbali. Hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inaponyesha mchanga huyanywa maji, nayo hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Matuta yakichimbwa mchanga au kujengwa majumba juu yake, mvua hukosa pa kuingilia na uchafu hupata njia. Na kisima kikishaingia chumvi, hakirudi utamu wake kwa lawama.

Dini yetu imelisemea jambo hili waziwazi. Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita Saad akitawadha, akamkataza israfu. Saad akastaajabu kuwa hata katika udhu kuna israfu. Akajibiwa kwamba ipo, ijapokuwa mtu yuko kwenye mto unaokwenda. Na imethibiti kwamba Mtume mwenyewe akitawadha kwa mudi moja, yaani kama kibaba, maji yasiyotimia lita moja. Ikiwa mtoni ni makosa, je, Lamu penye maji ya kuhesabu?

Wako watakaosema kwamba maji, miti na samaki ni kazi ya serikali, na mimbari ni ya sala na saumu. Mimi sikubaliani nao. Watazame ndugu zetu wa Pemba. Magharibi ya kisiwa hicho kuna kisiwa kidogo cha Misali, ambacho wenyewe husimulia kwamba walii aitwaye Hadhara alikifanya mfano wa msala wake. Maelfu ya wavuvi hupata riziki katika miamba yake, na kulikuwa na waliovua kwa baruti, wakaua samaki pamoja na nyumba za samaki. Serikali ya Zanzibar ilikifanya hifadhi mwaka 1998, lakini askari hawezi kulala juu ya kila mwamba. Ndipo shirika la Kiislamu la IFEES, lenye makao yake Uingereza, likasaidia kuwakalisha pamoja wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa, wakasomeshana maana ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi na makatazo ya ufisadi wa bara na bahari. Mafunzo hayo yaliwaingia wavuvi kuliko amri za ofisini. Doria ya serikali mtu huikimbia kwa tanga. Mwenyezi Mungu hakimbiliki.

Sisemi kwamba mawaidha hushibisha. Mvuvi mwenye watoto wenye njaa anahitaji nyavu halali na soko, si khutba pekee. Wala si haki khatibu amkaripie mwenye kupoteza ndoo moja, kisha amnyamazie tajiri anayelimega tuta zima la mchanga kwa sababu tajiri huyo ndiye aliyenunua mazulia ya msikiti. Khutba ya namna hiyo afadhali isisomwe.

Basi naomba mambo matatu. Makhatibu wetu watenge Ijumaa kwa ajili ya maji, wataje na matuta kwa jina. Kamati za misikiti zitengeneze mabomba yanayovuja, na maji ya udhu yapelekwe kwenye minazi na miembe badala ya kupotelea mferejini. Na sisi wenyewe tuyaone matuta yale kama wakfu: mali isiyouzwa, isiyorithiwa, ambayo kila kizazi hunufaika nayo kisha kikaiacha salama.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Na kibaba kimoja kilimtosha Mtume wetu. Sisi kwa nini kisitutoshe?